Barua ya rikoli inamfikia aliyeshauza gari, anayeiendesha hajui

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, ni muda mrefu sijaandika ila hili limenikaa rohoni siwezi kunyamaza nalo. Miezi michache nyuma nilipeleka gari kumwaga oili, kazi ya kawaida tu, fundi akiwa anahangaika kwenye boneti akaniuliza "mzee, eabegi ya upande wa abiria ilishabadilishwa hii?", yaani ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga. Nikamwambia ya nini ibadilishwe wakati gari haijawahi kugonga wala kugongwa, na taa yake kwenye dashibodi inawaka sekunde chache nikiwasha gari kisha inazima kama inavyotakiwa. Yule kijana hakubishana na mimi, alichukua simu akaingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, akasoma namba ya chesisi pale chini ya kioo cha mbele akaiandika, jibu likaja hapo hapo: gari hii ina rikoli, yaani imeitwa irudi kubadilishwa eabegi, na bado haijarekebishwa. Wito wenyewe ulikuwa na zaidi ya miaka minne. Mimi gari ninayo mwaka wa tatu, na kile kiti ni cha mke wangu, amekikalia kila siku ya Mungu miaka yote hiyo.

Nikampigia aliyeniuzia. Hakuwa anajua chochote, naye alinunua kwa mtu, akanipa namba ya huyo mtu wa kwanza. Huyo ndo akanijibu bila kuficha, barua alizipata, tena mbili, ila gari alikuwa ameshauza akaona hazimhusu akazitupa. Sikumgombeza, manake hata mimi ningeletewa barua ya kitu ambacho si changu tena labda ningefanya hivyo hivyo. Lakini hapo ndo nikaelewa tatizo liko wapi na ndo sababu ya kukuandikia Mhariri, kwamba ubovu unakaa kwenye gari lakini barua inakwenda kwa jina, gari ikishabadilisha mikono mara mbili tatu lile jina na ile gari havijuani kabisa.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo, rikoli ni pale kampuni iliyotengeneza gari inapogundua, au inapobanwa na serikali mpaka ikubali, kwamba magari ya aina fulani ya mwaka fulani yalitoka kiwandani na kasoro inayoweza kuua au kuumiza watu, basi inabidi iyaite irekebishe kwa gharama yake. Sio breki zilizoisha kwa kutembea, hizo ni zako. Sio warantii pia, na hapa wengi tunajichanganya tunasema ah warantii ilishaisha siku nyingi hawa hawatanisikiliza. Warantii ina mwisho wa miaka au kilomita lakini rikoli inafuata kasoro. Marekani kwa mfano, sheria inaitaka kampuni iwaandikie wenye magari ndani ya siku 60 tangu itoe taarifa serikalini, na matengenezo ni bure kwa gari ambayo haijazidi miaka 15 tangu iuzwe mara ya kwanza, haijalishi wewe ni mmiliki wa ngapi. Na wala gari hawakunyang'anyi, nimesikia mtu mzima anasema akipeleka itabaki huko huko, sio kweli, mara nyingi ni kubadilisha kifaa kimoja masaa machache unaondoka nayo, na siku hizi kuna rikoli nyingine ni programu tu, Desemba 2023 Tesla iliita magari kama milioni 2 na marekebisho yakaingia kwa intaneti gari likiwa limepaki kwa mwenyewe.

Sasa turudi kwenye hii ya eabegi manake ndo iliyonikuta na ndo kubwa kuliko zote zilizowahi kutokea. Eabegi ni ule mfuko wa hewa unaofumuka ukigonga, na kinachoujaza ni kopo dogo la chuma lenye dawa ndani inayolipuka kidogo ikatoa gesi. Kampuni ya Takata ya Japani iliyokuwa inauzia watengenezaji wengi ilitumia amoniamu nitrati, ile ile inayotumika kwenye mbolea na kupasulia miamba, na kwenye makopo mengi hawakuweka kitu cha kunyonya unyevu. Miaka inavyopita, joto na unyevunyevu vinaiharibu ile dawa, siku ikiwaka inawaka kwa nguvu kupita kiasi, kopo lenyewe linapasuka na vipande vya chuma vinapita kwenye kitambaa vinakuja usoni na shingoni kwa mtu ambaye ile ajali pengine isingemfanya chochote. Wito wa kwanza mwezi Novemba 2008 ulikuwa wa magari kama 4,000 tu ya Honda, watu wakaona dogo hilo, mpaka mambo yanafika mwisho yakawa makopo milioni 67 Marekani peke yake, karibu milioni 100 dunia nzima, kampuni 19 za magari, na Takata yenyewe ikaomba kufilisika Juni 2017. Marekani wamethibitisha vifo 28, na wapo waliokufa Malaysia na Australia pia.

Naomba msomaji ashike hili la taa ya dashibodi, mimi ndo lilinidanganya. Ile taa inasoma umeme, inaangalia waya zimeunganika na mfumo unajibu. Haisomi dawa iliyoko ndani ya kopo. Kwa hiyo taa inaweza kukwambia kila kitu kiko salama na wakati huo huo umekaa mbele ya kitu kibovu, na hakuna mlio, hakuna harufu, gari inatembea vizuri tu. Fundi mzuri kabisa mwenye miaka 30 kwenye kazi hawezi kuiona kwa macho wala kuisikia kwa sikio, njia ni namba ya chesisi basi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kasoro yenyewe inaiva na umri. Gari ikiwa mpya, iko kwa mtu wa kwanza, barua inafika, ile dawa nayo bado ina nguvu zake. Inapofika miaka kumi na zaidi ndo dawa imeharibika sana, na ndo wakati huo huo gari iko kwa mtu wa tatu au wa nne, labda imeshavuka bahari imeenda nchi nyingine kabisa, barua bado inatumwa kule kule ilikouzwa mpya. Yaani hatari inaongezeka wakati taarifa inapungua, na anayebaki hapo katikati ni mtu aliyejibana akanunua gari iliyotumika kwa sababu ndo aliyoiweza.

Kuna kitu kingine cha kujua, rikoli hazilingani uzito. Nyingine wanakwambia lete ukipata nafasi. Nyingine wanakwambia usiendeshe kabisa, iache hapo ilipo tutakuja kuivuta, na hiyo ukiipata usijiambie nitaendesha taratibu, eabegi haijui taratibu. Nyingine ni za moto, wanakwambia usipaki ndani wala karibu na nyumba, kama Chevrolet Bolt za umeme mwaka 2021 ambapo betri zilikuwa zinaweza kuwaka gari ikiwa imesimama, wenye nazo waliambiwa wapaki nje na wasichaji mpaka ijae. Na nyingine zina maelekezo ya kukushikilia mpaka spea ifike. Mwaka 2014 General Motors waliita magari milioni 2.6, Chevrolet Cobalt na Saturn Ion na nyinginezo, kwa ajili ya swichi ya ufunguo iliyokuwa laini mno, ukipita kwenye shimo au goti likigusa ufunguo swichi inarudi nyuma, injini inazima gari ikiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito na eabegi hazifumuki tena. Maelekezo ya muda yalikuwa mepesi kama nini, ondoa funguo nyingine zote endesha na ule mmoja peke yake, usiache rundo linaning'inia. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124 vya hiyo swichi, na ndani ya kampuni walikuwepo waliojua swichi ina shida zaidi ya miaka 10 kabla ya wito. Nikisoma hivi nasema barua kama ile ukiiacha kwenye droo umeacha kitu ambacho kingekuokoa leo hii hii, hata kabla ya spea haijafika.

Spea zenyewe zinaweza kuchelewa kweli. Mimi nilisubiri wiki tatu na kwa wiki zote hizo mke wangu amekaa kiti cha nyuma, ananiambia nimekuwa dereva wake, mimi nikawa sina la kujibu. Siku ilipofika nikaiacha asubuhi mchana nikaichukua, sikulipa hata senti, nikapewa karatasi ya kuonyesha kazi imefanyika na nimeiweka pamoja na kadi ya gari ili atakayeinunua kwangu aikute.

Wanaonunua magari yaliyotumika naomba msiridhike na neno "ilishabadilishwa hiyo". Kwenye hizi za Takata wapo waliobadilishiwa mapema wakawekewa kopo jipya la aina ile ile kwa sababu mengine hayakuwepo, hao walitakiwa kurudi mara ya pili, kwa hiyo angalia namba tena hata kama una karatasi ya zamani. Na kama gari imewahi kugonga ikafungwa eabegi iliyotolewa kwenye gari bovu, namba yako ya chesisi haiwezi kukusaidia, manake kopo ni la gari nyingine na huko mtandaoni gari yako itaonekana safi. Hapo uliza eabegi ilitoka wapi, asipokuwa na jibu la kueleweka mwambie aipeleke kwa wakala ifunguliwe iangaliwe kabla hujatoa hela.

Namba ya chesisi utaikuta kwenye kadi, chini ya kioo cha mbele upande wa dereva au kwenye nguzo ya mlango. Magari mengi ina tarakimu na herufi 17, na humo hakuna herufi I wala O wala Q, kwa hiyo ukiona duara ni sifuri, watu wengi wanaandika O wanaambiwa namba haipo wanakata tamaa. Magari yaliyotengenezwa kuuzwa Japani kwenyewe yana namba fupi, msimbo wa modeli halafu kistari halafu tarakimu, hizo kwenye tovuti za Marekani hazisomi, inabidi uiangalie kwenye ukurasa wa kampuni wa Kijapani au umpelekee wakala wa hiyo kampuni. Na ukiangalia leo ukakuta safi rudia tena baada ya miezi kadhaa, wito mpya unaweza kutoka kesho. Usisahau viti vya watoto na matairi, navyo vinaitwa, mwaka 2000 Firestone iliita matairi milioni 6.5 kwa mpigo.

Halafu kuna jambo la sheria ambalo nikilifikiria napandisha hasira. Marekani tangu 2016 kampuni ya kukodisha yenye magari zaidi ya 35 hairuhusiwi kukukodishia gari yenye rikoli ambayo haijarekebishwa, hata kwa siku moja. Lakini muuzaji wa magari yaliyotumika sheria yao kuu haimkatazi kukuuzia gari hiyo hiyo uikae miaka kumi. Sasa kama ya kukodi siku mbili ni hatari, ya kununua je? Mimi naona pa kukamatia ni pale jina linapobadilishwa kwenye kadi. Pale lazima upeleke namba ya chesisi, lazima uwepo, ofisi inakuona. Waiangalie hapo hapo, kama kuna rikoli wamwambie mnunuzi kabla hajaweka sahihi, na jina lake jipya lipelekwe kwa mtengenezaji ili barua inayofuata imfikie yeye. Ni kazi ya dakika mbili, yule fundi wangu aliifanya kwa simu mikono ikiwa na oili.

Na wewe Mhariri nakuomba kona ndogo tu kwenye gazeti mara moja kwa wiki, aina ya gari, miaka yake, kasoro ni nini na mtu afanye nini mpaka itengenezwe, wengi wetu hiyo tutaisoma hata kama barua ya kiwandani haitatufikia maisha.

Mimi kwa upande wangu wiki iliyopita nilitafuta namba ya simu ya dada mmoja aliyenunua gari yangu ya kabla ya hii, nikaiangalia chesisi yake kwenye mkataba wa zamani, ikatokea ina wito wa pampu ya mafuta ambao mimi sikuwahi kuuona. Nimempigia, ilibidi nimweleze mara mbili mpaka akaamini simuuzii kitu. Amesema Jumatatu anaipeleka.

Msomaji wako wa siku nyingi