Barua kwa mwanangu kuhusu nyumba ya babu yako

Ukerewe

Mwanangu,

Salamu za hapa ni nzuri. Mchoro wako wa kuigeuza nyumba ya babu yako kuwa makumbusho nimeuona kwenye simu ya shangazi yako, kwa kuwa yeye ndiye uliyemtumia kwanza. Umechora vizuri, nami nimewaonyesha wazee wawili watatu. Chumba cha mbele kiwe cha vitabu, ukumbini pabaki ubao na kiti chake, hapo sina ubishi. Ila kuna jambo sijaliona popote: ufunguo utakaa kwa nani?

Usiniambie kamati. Kamati haina mfuko wa shati.

Wewe mwisho wa mwezi unarudi Dar es Salaam. Nyumba hii ikifungwa masika moja tu, popo wanahamia darini, unyevu wa ziwa unapanda ukutani, na mchwa hawahitaji kualikwa penye karatasi. Habari ya sanduku la chini tutazungumza ukifika, tena shangazi yako asiwepo.

Unanitajia makumbusho ya Wasukuma kule Bujora na yale ya Butiama. Sawa, pita tena Bujora, lakini safari hii ngoma na viti vya watemi viache, mtazame anayefungua mlango asubuhi. Padri David Clement aliyeanzisha mambo pale amefariki zamani. Pako hai kwa sababu parokia iko palepale, na ikifika Bulabo, sikukuu ya ngoma, vikundi vya Wagika na Wagalu vinakuja kushindana kucheza. Watu wana la kufuata. Butiama nako ni kwa Mwalimu Nyerere, serikali ipo nyuma yake. Sisi nyuma yetu yuko nani? Mimi, na magoti unayajua.

Halafu yale maneno ya ukutani. Umeandika kwamba babu yako "alikifundisha kisiwa kusoma." Angekufutia hayo kwa dasta mbele ya wageni. Sensa ya 1967 ilikuta theluthi mbili hivi ya watu wazima nchini hawajui kusoma. Kufikia 1986 wasiojua walikuwa chini ya 10 kwa mia. Kazi hiyo si ya mtu mmoja. Mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa ulianzia Mwanza mwaka 1968, kwa mikoa minne ya Ziwa, mtu akijifunza herufi kupitia pamba yake, uvuvi wake, ng'ombe wake. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Waliofundisha wengi walikuwa wa kujitolea, wengine vijana wa darasa la saba tu. Hao nao waandike.

Cha babu yako hasa ni lile daftari la mahudhurio ya ngumbaru, darasa la kisomo cha watu wazima. Kurasa za mwanzo akina mama wameweka dole gumba. Kurasa za nyuma, majina yaleyale, wameandika wenyewe, herufi zimepinda lakini zinasomeka. Hilo ndilo la kuweka katikati ya chumba. Fimbo yake iache kwangu.

Sasa wajukuu wa hao akina mama wapo hapahapa. Yupo binti aliyemaliza kidato cha nne, mwandiko wake mzuri, hana kazi. Mpe yeye ufunguo, na jioni watoto waruhusiwe kusomea chumba cha mbele, taa ya sola ipo. Lakini alipwe, mwanangu. Umetenga fedha za bango la barabarani, za mtu hukutenga. Ukimwambia ajitolee, baada ya miezi utamkuta Kirumba, Mwanza mjini, anauza vocha, na ufunguo umeniangukia mimi. Nijibu hili kwanza kabla ya mambo ya rangi.

Mabati ya upande wa jikoni yameanza kuvuja, fundi anataka hela ya misumari mbele. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Mama yako anauliza kama mke wako bado anakataa dagaa. Waliopo wamekaushwa kwenye chanja, hawana mchanga. Sema mapema tufunge mzigo. Na ukija kwa gari kupitia Kisorya, fika mapema, siku ya gulio foleni ya pantoni ni ndefu.

Baba yako