Mwanangu, huyo mtoto bweni asubiri kwanza

Pangani, Septemba 2025

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Maulidi yamesomwa salama, pilau lilitosha na la kupelekea majirani likabaki. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hatusikilizani. Ukipokea mchana upo kaunta na wateja, ukipokea usiku umebanwa ndani ya mwendokasi, nami nikianza tu kusema, "Mama nitakupigia." Barua huwezi kuikata.

Ni habari ya mke mwenzangu, huyo mjukuu wangu mkubwa, kupelekwa bweni. Sikuipata kwako, niliipata kwa yule mdogo. Aliniambia, "Bibi, dada anakwenda Bweni na godoro." Mie nikadhani Bweni yetu hii ya ng'ambo ya mto, nikafurahi, nikamwambia basi nitamvusha mwenyewe kwa pantoni. Akanicheka sana. Mpaka uliponitumia ile fomu ya shule ndipo nikaelewa kinachosemwa, na tangu hapo usingizi wangu si mzuri.

Sina ugomvi na shule. Matokeo yao yanasifiwa, nimesikia. Nina swali moja tu, nalo kila nikikuuliza unanijibu jingine: mtoto akivunja ungo akiwa huko, atakuwa na nani?

Usiniambie matroni. Matroni mmoja ana mabinti wangapi wa kuwaangalia? Atamjuaje wako aliyenyamaza kimya kwenye kitanda cha juu, naye huyu wetu ndiyo tabia yake, akiumwa hasemi mpaka umguse paji la uso ndipo ujue? Na usiniambie bado mdogo. Ana miaka kumi. Zamani tulihesabu kumi na nne, kumi na tano. Siku hizi dukani kwangu wanakuja watoto wa la tano na la sita. Anasimama pembeni ya friji mpaka wanaume wanunue sigara zao waondoke, kisha ananyoosha kidole. Mie namfungia kwenye gazeti kabla hajafungua mdomo. Wengine hela haitoshi, nawaandika kwenye daftari. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi kwenye pedi, 2019 wakairudisha, wakasema bei haikushuka. Kweli haikushuka, mie muuzaji nilikuwa nazichukua Tanga kwa bei ileile, lakini aliyekuwa akila hiyo tofauti sikuwahi kumsikia akitajwa.

Ile orodha ya vitu vya kwenda navyo nimeisoma zaidi ya mara moja, na miwani. Rimu, fagio la chelewa, ndoo yenye mfuniko, shuka jozi mbili, godoro, dawa ya viatu. Pedi hakuna. Shule ya wasichana wa la tano mpaka la saba, wamekumbuka dawa ya viatu.

Halafu mwanangu nikukumbushe jambo. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alipotoa ule waraka wa kukataza bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, wewe ndiye uliyenisomea, ukasema afadhali, wazazi wengine hawana huruma. Maneno yako hayo. Haya, mtoto wako hata mtihani wa la nne hajafanya, ni mwezi ujao, mshampeleka kwenye usaili wa la tano. Mlikuwa mnasubiri ruhusa tu?

Na haraka ni ya nini? Jirani yangu mwalimu mstaafu kanieleza vizuri: hawa walioanza mtaala mpya mwaka 2024 wakiwa la tatu wanaishia la sita. Kwa hiyo mke mwenzangu anamaliza 2027 pamoja na waliomtangulia darasa, na Januari 2028 wote wanaingia kidato cha kwanza. Huko sekondari bweni sitalizuia, nitamnunulia tranka mie mwenyewe. Mnachokikimbia ni miaka miwili. Na ndani ya hiyo miaka miwili ndimo litakapotokea hili ninalolisema.

Usidhani sijui unavyohangaika. Nilikaa kwako, nikaona. Saa kumi na moja alfajiri gari la shule linapiga honi, watoto wanapanda wamefumba macho na mkate mkononi. Wewe unatoka nyuma yao, unarudi saa mbili, saa tatu usiku, unakuta daftari zinasubiri kusainiwa na sare zinasubiri kufuliwa. Dada wa kazi kaondoka bila kuaga, na yule wa kabla yake kaondoka na pasi. Nakupa haki yako. Hapa mtaani nikipita huwa nawaambia mwanangu yupo benki, kanijengea choo cha ndani, na wasionipenda nawaambia kwa sauti zaidi. Hakuna katika ukoo wetu aliyefika ulipofika. Lakini kazi hiyohiyo inayonipa mie sifa ndiyo inayokufanya useme mtoto atakuwa salama zaidi kwa watu wengine, na hapo ndipo ninaposhindwa kukufuata.

Umeniambia mtoto mwenyewe anataka kwenda. Nimelifikiria hilo. Mtoto gani asiyetaka? Wewe umemgeuza yaya. Yeye ndiye anayemvisha mdogo soksi, yeye anamfumua nywele Ijumaa usiku, yeye anaamka naye kumpeleka chooni. Ukichelewa ndiye anayepasha wali. Nilimwona siku ile nilipokuwa hapo, kasimama kwenye kigoda mbele ya jiko la gesi, nikanyamaza kwa sababu nyumba si yangu. Mtoto wa namna hiyo ukimwambia kuna mahali utalala na hakuna wa kukuamsha, atakataaje? Bweni kalisikia kama mapumziko. Mpunguzie kazi kwanza, kisha ndiyo umuulize tena kama anataka.

Na huyo mdogo naye mmemfikiria? Wanalala kitanda kimoja. Dada akiondoka, jioni anapokelewa na nani kwenye gari la shule? Mlinzi? Sisemi zaidi, wewe ni mtu mzima na habari unazisikia.

Narudi palepale. Akivunja ungo.

Nisingeng'ang'ania hivi kama si yale ya Tanga, kwa shangazi yako. Unayajua, sina haja ya kuyaandika. Lile gauni la njano nililikuta chini ya begi, nikalifua, nikalianika, hukunieleza nami sikukuuliza. Basi, tuyaache hayo.

Ninachokuomba anza sasa, aende bweni asiende. Chupi afue mwenyewe kila siku akioga, na aianike juani, si nyuma ya mlango wa choo. Mwoneshe pedi ilivyo kabla hajaihitaji, aibandike, aibandue, aizoee mkononi. Mwekee mbili kwenye kijimkoba ndani ya begi la shule, na chupi moja ya akiba. Mfundishe kuweka alama kwenye kalenda. Na mwenzio pia ajue, asijifanye hayamhusu, kwa maana siku hiyo wewe unaweza kuwa kaunta na yeye ndiye atakayetumwa dukani. Marehemu baba yako alikuwa akiziona pakiti hizo kwenye rafu anageuza uso, utadhani zimemtukana. Mkwe wangu kasoma, asigeuze uso.

Najua utasema, kwa desturi yetu jambo hili si la mama, ni la somo, yule mwanamke wa kumfunda. Ni kweli, na somo yake nishamchagua, yule dada yako wa Mwera aliyekuwa nesi. Ana maneno laini na hachoki kuulizwa. Wale makungwi wa ngoma za kukesha sitaki wamsogelee. Mtoto wa miaka kumi unamfundisha mambo ya mume ili iweje? Nimegombana nao hadharani kwa hilo na wengine hatusalimiani vizuri mpaka leo. Anachotakiwa kujua ni usafi wake, abadilishe mara ngapi, tumbo likimsokota afanye nini, kwamba hajaumwa wala hajafanya kosa, na kwamba mtu yeyote akimgusa vibaya, awe mwalimu, awe mjomba, asinyamaze. Hilo la mwisho mwambie wewe, tena mwambie wote wawili, mdogo pia, usisubiri Desemba. Mwambie mchana mkiwa mnachambua mchele au mnakunja nguo, mikono ikiwa na kazi. Ukimwita chumbani ukafunga mlango atadhani ana kesi.

Ila kwa hayo yote uwe nyumbani. Mtu hawezi kumwambia mtoto mambo haya kwa vipande vipande ndani ya mwendokasi. Omba Jumamosi zako zirudi. Ulikuwa unafanya kazi nusu siku, zimekwenda wapi?

Madrasa wanakwenda? Mkubwa Juzuu Amma kafika wapi? Aliniahidi atanisomea Desemba. Na huyo mdogo mpunguzie simu. Nikipiga anapokea yeye, ananiambia subiri bibi nimalize gemu, kama mie ndiye niliyemwomba kazi.

Sasa kuna jambo nataka ulisome taratibu. Mie bado nina nguvu. Ngazi napanda, maji nateka, na duka anaweza kukaa mdogo wako, ingawa mahesabu yake unayajua, anakopesha rafiki zake wote. Kuku watapata wa kuwaangalia. Sijasema nakuja. Nasema mkikaa na mwenzio mkaona inafaa, mpaka huyu mtoto amalize la sita. Yale ya mwaka juzi, ya televisheni na mchuzi, mie sikuyaweka moyoni, na mwambie mkwe wangu kuwa chumvi siku ile kweli ilizidi. Nikija nitalala na watoto, sihitaji chumba. Nitakachohitaji ni mahali pa kuanika mikeka yangu na asinipangie mtu saa ya kulala.

Kama mmeshalipa fomu na hamrudi nyuma, basi niambie ukweli, usinifiche. Nitakwenda mie siku ya wazazi kuwatembelea watoto, nitaongea na huyo matroni ana kwa ana, nimwangalie macho. Na nitampelekea pedi za mwaka mzima kutoka dukani kwangu, za mke mwenzangu na za watakaokosa.

Ya huku. Ule mnazi wa nyuma ya jiko umeinamia paa sasa, mkwezi kakataa kuupanda, anasema uitiwe watu wa msumeno. Wamenitajia hela nikawaambia wakanywe chai kwanza. Ukipata nafasi zungumza nao wewe, sauti ya mjini huwa wanaiogopa. Daraja bado wanajenga, pantoni juzi iligoma, watu wakavuka kwa mashua na magunia yao ya mkaa. Samaki wamepungua, kibua wanauzwa bei ya changu. Kaka yako anataka kuuza ile pikipiki, anasema kwa ajili ya boti. Mie sina maoni, lakini jina kwenye kadi ni lako, kwa hiyo usisaini kitu chochote atakachokuletea kabla hatujaongea. Luku ya mwezi huu imetosha, usitume.

Mzigo nimempa kondakta wa basi la asubuhi, utaufuata Stendi ya Magufuli. Kuna nazi, machungwa, na papa mkavu umefungwa kwenye karatasi peke yake ili usinukishe vingine. Kwenye mfuko mwekundu kuna doti mbili za kanga. Moja ya mkubwa, usimpe bado, weka kabatini na siku yenyewe ikifika ndiyo umpe. Ya pili ni ya mdogo, mpe sasa hivi acheze nayo, la sivyo patakuwa hapatoshi humo ndani. Machungwa yale ya chini ndiyo yameiva, anzeni na hayo. Ndoo na mfuniko wake virudi na kondakta huyohuyo, ile ya Ramadhani mpaka leo sijaiona.

Nisalimie mkwe wangu, na wanangu hao wawili wabusu.

Mama yako