Mafua yakipoa, figo zikapimwe

Mhariri,

Hapa Lamu mtu akiinuka kutoka kwenye mafua makali au Korona, swali ni moja tu: kifua kimefunguka? Figo hakuna azitajaye, nazo huumia bila kutoa maumivu.

Mgonjwa mwenye homa hali, hanywi. Jua la kaskazi likimkausha, presha hushuka na damu ifikayo kwenye figo hupungua. Ugonjwa ukiwa mzito, kinga ya mwili hupigana kupita kiasi na damu huweza kuganda ndani ya vimishipa. Wengine misuli yao huvunjika, mkojo ukafanana na chai ya rangi, na mabaki ya misuli hiyo yakaziba mirija ya figo. Kila figo ina vichujio kama milioni 1. Kikifa kimoja, hakioti kingine.

Linalotuuma zaidi ni dawa za maumivu zinazonunuliwa dukani. Mwili ukikosa maji, figo huupanua mshipa unaoziletea damu. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia hilo. Akizimeza anayetumia dawa ya kukojoza pamoja na dawa ya presha kama enalaprili au losatani, hatari huzidi. Kwa homa, parasetamoli yatosha: mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini ameze vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Wauza dawa, tafadhali, mwulizeni mteja kama ana presha au kisukari kabla ya kumkatia diklofenaki.

Mkojo nao upimwe. Mtu mzima ambaye mkojo wake haujazi chupa ya nusu lita toka asubuhi hadi asubuhi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa boti kutoka Faza. Wala asinyweshwe madafu njiani: yana potasiamu nyingi, na figo zisipoitoa, huweza kusimamisha moyo.

Akiruhusiwa, kazi haijaisha. Baada ya miezi 3 apimwe kreatinini ya damu (taka ya misuli inayotolewa na figo) na albumini ya mkojo (protini inayovuja figo zikiumia), vyote viwili, kwa sababu kreatinini huweza kuonekana sawa ilhali vichujio vingi vimekwisha kufa. Kasoro iliyodumu zaidi ya muda huo ni ugonjwa sugu, na mwenye nao huhitaji kliniki hata akijiona mzima. Tunaziomba wadi ziandike tarehe ya kipimo hicho kwenye karatasi ya kuruhusiwa, kama inavyoandikwa tarehe ya chanjo kwenye kadi ya mtoto.

Wahudumu wa afya,
Lamu