Msizisingizie picha

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka nenda rudi na sijawahi kuwaandikia hata mstari, ila ile taarifa ya watoto wa darasa la tatu wanaosoma bila kuelewa imenishinda kunyamaza. Hiyo yenyewe si habari mpya, Uwezo, wale wanaopita kuwapima watoto kusoma na kuhesabu, walishasema tangu 2010 kwamba ni kama watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kilichonikera ni yule mdau wenu, eti vitabu vya siku hizi vina picha nyingi mno, zinawalemaza watoto, mtoto anaona mbuzi anabahatisha "mbuzi" bila kusoma. Mkamwacha apite hivyohivyo, hakuna hata aliyemuuliza swali.

Kubahatisha kupo, sikatai. Anayejifunza "mb" inasomekaje mfunikie picha kwa mkono asome kwanza. Lakini huyo yupo kwenye herufi, kuelewa ni kitu kingine kabisa. Kiswahili kinasomeka kilivyoandikwa, mtoto akishashika silabi anakusomea hata katiba ya nchi bila kukwama, wazazi mnapiga makofi, sasa muulize kasoma nini, anakutolea macho. Hapo ndipo picha inapofanya kazi. Unamuonyesha picha unamuuliza, huyu mama kanuna nini? Kabla ya hapa ilikuwaje? Tukifunua ukurasa unadhani nini kitatokea? Mtoto atabisha, atakwambia hajanuna shangazi, muangalie mdomo, halafu mwenyewe anarudi kwenye maandishi kutafuta pa kukushindia.

Mtoto wa kaka yangu yupo darasa la pili, shule siitaji. Vitabu havitoshi, tukaambiwa tununue fotokopi, tukanunua. Humo kuna hadithi babu anarudi shambani na kapu la mahindi, anashangaa mbona kapu limekuwa jepesi, bibi anachungulia mlangoni anacheka. Swali: kwa nini bibi alicheka? Mtoto kaandika kwa sababu ana furaha. Kakoseshwa, na pembeni wino mwekundu, "soma kwa makini". Haya nikaichukua nisome mimi kwa makini, mtu mzima na vyeti vyangu, sijaiona sababu popote, na palipotakiwa kuwa na picha kuna doa jeusi tu, ukitaka ni ng'ombe ukitaka ni trekta. Nikaenda kwa jirani, mwanawe anasoma shule nyingine na wana kitabu chenyewe. Yarabi! Kapu limetoboka chini na kuku wamejipanga kutoka njiani mpaka kibarazani wanadonoa mahindi. Yaani jibu lote lipo kwenye picha, maandishi hayataji tundu mahali popote, mwandishi kafanya makusudi ili mtoto aunganishe mwenyewe, ndio ufahamu wenyewe huo, halafu nyie wa shule mnamuuzia mtoto doa la wino na mnamkosesha kwa kutoliona tundu ndani ya doa, na ticha anasahihisha akiwa na kitabu chake cha rangi mezani! Nilipomuonyesha mtoto ile picha alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kwa nini babu hakugeuka nyuma. Swali zuri kuliko la kwenye kitabu.

Na msiniambie hela hakuna. Shule hiyohiyo ilituchangisha rangi ya ukuta, wakachora panya wa katuni mkubwa kama nyumba, ukuta wa nje unaotazama barabara, ndani ya darasa la kwanza hata picha ya kuku hamna. Halafu chekechea wana mahafali, wana majoho, mtoto wa miaka sita kavishwa joho na kofia kama profesa na jina lake hajui kuliandika, mpiga picha yupo, keki ipo, emsii yupo, usipochanga unasemwa kwenye grupu la wazazi mpaka uleft. Fotokopi ndio ikose wino!

Sisi wa zamani waliotufundisha kuelewa ni kina Ndumilakuwili wa lile jarida la katuni la Sani tuliokuwa tunawaficha chini ya dawati, mdomo unasema hivi uso unasema vile, usipoangalia vyote viwili hucheki. Na kama picha zinalemaza, Mhariri, anza wewe, toa katuni gazetini kesho uone utapigiwa simu ngapi na watu wazima.

Mimi napendekeza hivi. Shule ikitaka kuuza fotokopi ya kitabu cha darasa la kwanza au la pili, kwanza mwalimu mkuu akalishwe kwenye dawati la mtoto mbele ya wazazi, na yule mdau wenu pembeni yake, wapewe hiyo fotokopi waseme kwenye picha kuna nini. Wakikosa, turudishiwe hela zetu palepale, na za majoho pia.

Shangazi mtu,
Mbagala, Dar es Salaam