Nyimbo za mauaji msizifungie, ila marehemu naye aimbwe

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Tanga. Naandika nikiwa barazani hapa Ngamiani. Wiki iliyopita kwenye ukurasa huu wa barua kuna msomaji mwenzetu alitaka redio zizuie nyimbo zote zinazosimulia watu kuuana, anasema zinaharibu vijana. Hasira zake nazielewa kabisa tena nina sababu ya kuzielewa kuliko watu wengi, ila dawa aliyoitaja siyo.

Nyimbo hizi hazikuanza jana na singeli. Mi nimekua nikimsikia bibi yangu akiimba wimbo wa Kijiti huku anapalia mkaa, wimbo wa Siti binti Saad, yule mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyeanza kwa kuuza vyungu alafu mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Maisha yake aliyaandika Shaaban Robert, mtu wetu wa Vibambani hapahapa Tanga, kwaiyo hayo mambo siyo ya Unguja peke yao. Wimbo wenyewe beti chache tu. Mwanamke mgeni anapelekwa ngomani Chukwani na mwanaume anaitwa Kijiti, anarudishwa maiti, na tumboni ana mtoto. Kijiti anavuka maji anapotea. Jaji anakasirika pale kitini alipokaa, na wanaofungwa ni wale wanawake walioingia kama mashahidi! Yaani aliyeua kaenda zake, walioachwa ndo wanalala ndani.

Jamani huo nao tuufungie? Enzi hizo wangapi walikuwa wanajua kusoma gazeti, na gazeti gani lingeandika habari ya mwanamke mnyonge aliyekufa maguguni? Mahakama ya mkoloni ilishamaliza kesi yake, mtu wa kawaida hana pa kukata rufaa, Siti akaichukua akaipeleka kwenye santuri na watu wakaijadili barazani na kwenye mikahawa, na Bi Kidude naye akaja kuiimba mpaka uzeeni. Karibu miaka mia sasa na bado tunajua kwamba pale haki haikutendeka. Hiyo ni kazi kubwa kuliko hukumu ile.

Ila kuna kitu kinanikaa rohoni tangu nikiwa mdogo. Kijiti jina lake tunalo, mpaka wimbo umeitwa kwa jina lake. Yule mwanamke anaitwa nani? Mgeni. Basi. Nilimuuliza bibi akanambia mwanangu jina lake halimo, nikalia, nilikuwa na miaka kama minane hivi. Simlaumu Siti, alikuwa anawaimbia watu ambao habari nzima walikuwa nayo, jina walilijua. Sisi wa leo ndo tumebaki na jina la muuaji mdomoni.

Na haya siyo ya kwetu tu. Uingereza zamani siku ya mtu kunyongwa walikuwa wanauza karatasi za nyimbo palepale kwenye umati, zimeandikwa eti maneno ya mwisho ya mnyongwaji wakati mwenyewe hata kamba hajavishwa. Marekani kule North Carolina kuna msichana aliitwa Laura Foster, aliuawa mwaka 1866, na kijana aliyetoka vitani, Tom Dula, akanyongwa kwa kesi hiyo tarehe 1 Mei 1868. Miaka tisini baadae, 1958, kundi la Kingston Trio likarekodi wimbo wake ukawa namba moja Marekani nzima, watu wanaimba kwa huzuni wanamwambia Tom ainamishe kichwa alie, kesho anakufa. Laura kwenye rekodi ile hajatajwa hata mara moja, ni "yeye" tu aliyekutwa mlimani. Nchi nzima inamlilia Tom!

Alafu kuna Frankie Baker wa St. Louis, huyu ndo anaonyesha upande wa pili. Mwaka 1899 alimpiga risasi mpenzi wake Allen Britt, mahakama ikamwachia kwa kuwa alikuwa anajitetea. Lakini wimbo ulishatoka na wimbo haujui kuachia mtu, ulimfanya mwanamke mwenye wivu aliyemvizia mwanaume. Akahama mji, akahama tena mpaka Portland mbali kabisa, wimbo unamfata tu, wakatengeneza na filamu, akashtaki akashindwa, akafa mwaka 1952 bado unapigwa. Kwaiyo nakubaliana na mwenzetu kwamba wimbo unaweza kuumiza. Unaumiza mtu mzima aliye hai mpaka anaingia kaburini. Ndo maana nasema mtunzi awe makini, na kuwa makini na kufungia ni vitu viwili tofauti.

Sasa niseme la kwangu. Mtaani kwetu miaka kadhaa nyuma tulimzika mwenzetu, tulikaa naye dawati moja darasa la nne mpaka la saba. Aliuawa na mtu aliyekuwa anaishi naye. Hata arobaini haijaisha vijana wa mziki hapa mjini wakatoa wimbo, mdundo mkali kweli, na huyo mwanaume wamemwita kwa lile jina lake la kijiweni, wanasimulia alivyompenda, alivyohangaika kutafuta hela, alivyoona meseji kwenye simu, mapenzi yakampanda kichwani. Beti zote ni zake. Marehemu kaingia sehemu mbili, mara ya kwanza akiwa mzuri, mara ya pili akiwa amelala chini. Ule wimbo ukapigwa kwenye bodaboda, ukapigwa vigodoro, ukapigwa mpaka harusi ya nyumba ya tatu kutoka kwa mama yake, watu wanatunza hela na kucheza. Mama wa watu akaingia ndani akafunga dirisha, Desemba hiyo, joto la Tanga mnalijua.

Ningeimba mimi ningesema alikuwa anachelewa kila siku shule kwa sababu anawaogesha wadogo zake kwanza. Alikuwa na sauti nene ya kucheka unaisikia mpaka barabara ya pili. Alijifunza kushona kwa kutazama tu, na akafungua kijicherehani chake kimoja pale kibarazani, magauni ya Idi mtaa mzima tulikuwa tunamletea yeye, akikosea vipimo anafumua anarudia na hela ya pili hataki. Alishaanza kuweka hela ili aondoke kwa yule mtu. Hayo mbona wimbo haukuyasema, na wale vijana wengine aliwashonea sare za shule? Walimjua vizuri tu. Waliona hadithi iko kwa mwanaume.

Na nyie magazeti mjitazame maana wasanii wanaokota kwenu. Kila ikitokea mnaandika kamuua mpenzi wake kisa wivu wa mapenzi, kichwa cha habari kimemaliza kazi, kijana akishika kalamu atunge anakuta sababu ishaandikwa, anabaki kutafuta vina. Mtu kauawa kwa kuwa kuna mtu alimuua. Hebu muanze na marehemu alikuwa nani, alifanya kazi gani, aliacha watoto wangapi, wivu wa mwenzake uje baadae huko chini kama nafasi itabaki.

Kwa wasanii wa Tanga, huu ni mji wa Shakila na taarabu ya Lucky Star, mji wa bendi za Atomic na Jamhuri Jazz, hakuna wa kutufundisha kutunga hadithi ya watu wakakaa kimya kusikiliza. Imbeni mauaji, tena imbeni na kesi ilivyokwenda na nani alipiga simu polisi wakachelewa. Ila kabla hamjaingia studio nendeni kwanza kwa wenye msiba, mkae kwenye mkeka, muombe ruhusa, muulize alikuwa anapenda nini. Wakisema jina lisitajwe lisitajwe, wakisema litajwe liwe ndo kiitikio. Hata mimi hapa jina la rafiki yangu sijaliandika kwa kuwa jana nilipoenda kumuomba mama yake sikumkuta, alikuwa kaburini anapalilia majani. Nitarudi kesho baada ya alasiri. Akinikubalia nitakuletea jina lake mhariri na naomba ulichapishe peke yake, bila la yule mtu pembeni.

Wako,
Msomaji wa kike, Ngamiani, Tanga