Kuongeza USB ya kasi kwenye kompyuta ya mezani ya zamani

Mpiga video mmoja wa Ujiji alituletea sipiyu yake dukani kwetu hapa Mwanga, Kigoma, akiwa ameshaikatia tamaa. Harusi nyingi zinaangukia Jumamosi, na Jumapili asubuhi ndipo anapoanza kukopi picha. Memori kadi moja ya GB 64 inamla nusu saa, naye anarudi na kadi nne. Alitaka tumtafutie kompyuta nyingine. Tuliigeuza sipiyu, tukaangalia mgongoni: matundu sita ya USB, yote meusi kwa ndani. Tukamwambia asubiri kwanza, kompyuta ni nzima, mlango ndio mwembamba.

Kesi kama yake tunaipata mara nyingi, kutoka kwa wenye studio, wenye steshenari na walimu wanaotunza matokeo kwenye diski za nje. Kwa hiyo leo tunaeleza kazi hii yote, ukija dukani uwe unajua unacholipia.

Matundu yale meusi ni USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000. Kwenye karatasi inapitisha megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti (MB) 60, maana biti nane ni baiti moja, lakini ukikopi faili la kweli unaona kama MB 30 hadi 40 kwa sekunde, basi. USB 3.0 ilitoka mwaka 2008 na uwezo wake ni gigabiti 5, zaidi ya mara kumi. Ila haikuingia kwenye kompyuta zote siku hiyo hiyo. Intel waliiweka ndani ya chipseti zao (chipu kuu za madabodi) mwaka 2012, na ndiyo maana kompyuta nyingi za mtumba za ofisini zilizotengenezwa kabla ya hapo, mfano Dell OptiPlex 790 au HP Compaq 6200, zina USB 2.0 peke yake. Prosesa zake bado zina nguvu. Kuitupa mashine ya namna hiyo kwa sababu ya matundu ya USB ni hasara tusiyopenda mteja wetu aipate.

Dawa yake ni kadi ndogo inayochomekwa kwenye madabodi, ikatoa matundu mapya mgongoni mwa sipiyu, mengi yakiwa na rangi ya bluu ndani.

Sasa hapa tunaomba usome taratibu, maana ndipo wengi wanapopoteza hela. Kadi inapanua mlango wa kompyuta tu. Kama ulishawahi kuona boti ikishusha madumu ya mawese pale Kibirizi, unajua kwamba ukiweka ubao mpana wa kushukia halafu wabebaji ni wawili, kazi haiendi mbio. Flashi nyingi za bei rahisi zinaandika MB 10 hivi kwa sekunde, nyingine chini ya hapo. Hizo hata uzichomeke kwenye tundu la bluu, mwendo ni ule ule. Mausi, kibodi na printa vilevile havitafaidika chochote. Diski ya nje yenye sahani inayozunguka inafika MB 100 na kitu kwa sekunde, kwa hiyo utaona tofauti ya karibu mara tatu. SSD ya nje, diski isiyo na sahani inayozunguka, ndiyo inayoweza kufika MB 400, lakini hapo tena inategemea unakokopia: kama diski ya ndani ya kompyuta yako ni ile ya zamani inayozunguka, itakuvuta irudi MB 100 hivi. Mteja wa namna hiyo tunamshauri aanze kwa kubadilisha diski ya ndani, kadi ya USB ifuate baadaye mfuko ukiruhusu.

Kwa mpiga video wetu hesabu ilikuwa hivi. Memori kadi zake ni za aina ya UHS-I, ambazo mwisho wake ni MB 104 kwa sekunde, na kwa kazi halisi zinasoma kama MB 90. GB 64 kwa mwendo huo ni dakika 12. Tulimwambia wazi kwamba hatapata mara kumi inayoandikwa kwenye boksi la kadi ya USB. Tulimwambia pia kwamba kile kisomeo chake cha memori kadi ni cha USB 2.0, lazima abadilishe na hicho, la sivyo kadi ya USB itakaa bure. Akakubali, maana kwa kadi nne nusu saa inashuka kuwa dakika 12 kila moja, na hiyo ni zaidi ya saa nzima anayoirudisha kila Jumapili.

Tukishakubaliana kwamba kazi ina faida, tunafungua kava. Kitu cha kwanza ni sloti, yaani nafasi ya kuchomekea kadi kwenye madabodi. Tunatafuta PCI Express, ile fupi kabisa au hata ile ndefu ya kadi ya picha kama haina kitu, kwa sababu kadi fupi inaingia kwenye sloti ndefu bila tatizo. Sloti nyeupe ndefu za PCI ya zamani tunaziacha. Njia nzima ya PCI inapitisha MB 133 kwa sekunde na vifaa vyote vinagawana hizo hizo. Zipo kadi za USB 3.0 zinazotengenezwa kwa sloti hiyo, ila hatuzifungi.

Sloti fupi ya PCI Express kizazi cha kwanza inapitisha MB 250 kwa sekunde kila upande, kizazi cha pili MB 500. Kwa hiyo mtu akikuuzia kadi ya gigabiti 10 kwa ajili ya sloti fupi ya kompyuta ya 2010, unalipia mwendo ambao sloti haiwezi kuutoa. Kadi ya gigabiti 5 inakutosha. Jua pia kwamba matundu manne ya kadi moja ya kawaida yanagawana sloti hiyo moja. Ukikopi diski mbili kwa pamoja, kila moja inapata sehemu yake.

Kuhusu umbo: sipiyu nyembamba zinataka kadi yenye bati fupi, na zile ndogo sana za kukaa nyuma ya skrini kwa kawaida hazina sloti kabisa.

Kisha umeme, na hapa tutasimulia kosa letu wenyewe. Zamani tulimfungia mteja kadi ya matundu manne isiyo na sehemu ya kuchomeka waya wa pawa saplai. Dukani tuliijaribu kwa flashi moja, ikaenda vizuri. Siku ya tatu akarudi: akichomeka diski mbili za nje, moja inatoa mlio wa tik, tik, tik, inapotea kwenye skrini, inarudi, inapotea tena. Faili alilokuwa anakopi likaharibika. Bahati alikuwa na nakala. Sababu ni kwamba sloti ya PCI Express inatoa volti 12 na volti 3.3, wakati USB inataka volti 5. Tundu moja la USB 3.0 linatakiwa liweze kutoa miliampea 900. Manne kwa pamoja ni wati 18, na kadi ya sloti fupi kwenye sipiyu nyembamba imepangiwa wati 10. Tangu siku ile kadi ya matundu manne tunayoifunga lazima ichukue umeme wake moja kwa moja kutoka pawa saplai, kwa plagi ya Molex au ya SATA, na tunaijaribu na diski mbili zikifanya kazi kwa pamoja.

Chipu tunazozipenda ni za Renesas, ASMedia na VIA. Kama unatumia Windows 8 kwenda juu, kompyuta inaitambua kadi yenyewe. Windows 7 inahitaji draiva (programu ya kuiendesha kadi), tunakuwekea. Ila usihamishe kibodi kwenda matundu mapya: kompyuta nyingi za zamani hazioni kadi hiyo zinapowaka, hivyo hutaweza kuingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) wala kupiga Windows kwa flashi kupitia hapo. Kwa kazi hizo tumia matundu ya zamani.

Kazi yenyewe ya kufunga haichukui muda. Tunachomoa waya wa ukutani, tunabonyeza swichi ya kuwashia ili chaji iliyobaki itoke, tunapuliza vumbi (kiangazi sipiyu za huku zinafunguliwa zikiwa nyekundu ndani), tunasukuma kadi mpaka ikae sawasawa, tunakaza skrubu ya bati. Halafu tunakopi faili moja la GB 10 kwenye tundu la zamani na kwenye tundu jipya, mbele yako, ukiangalia saa.

Jambo dogo la kukumbuka nyumbani. Plagi ya USB 3.0 ina miguso tisa: minne ya mbele ni ile ile ya USB 2.0, mitano mipya iko nyuma zaidi. Ukichomeka polepole, kompyuta inakutana na minne kwanza na inaweza kudhani ni kifaa cha zamani, mwendo ukabaki MB 35. Chomoa, uchomeke tena kwa mkono mmoja wa haraka mpaka mwisho.

Ukija, leta sipiyu pamoja na diski, kisomeo au kifaa unacholalamikia, na waya wake ule ule unaoutumia kila siku. Bei tunakutajia kabla hatujafungua kava. Kama uko Kasulu, Kibondo au Uvinza, usipande gari kwanza: tutumie picha ya mgongo wa sipiyu na picha ya madabodi ikiwa wazi, tukuambie kama sloti ipo.