Dikteta hana haja ya imani, ana haja ya saini

Mhariri,

Mijadala ya ufashisti na dini gazetini huishia kuuliza kama Mussolini au Hitler alikuwa muumini. Swali hilo halitufikishi mbali. Mussolini aliingia kwenye siasa akilitukana kanisa waziwazi, na ndiye huyohuyo aliyetia saini Mkataba wa Laterani, makubaliano ya Italia na Papa, na Kardinali Gasparri, mwakilishi wa Papa, tarehe 11 Februari 1929. Tusome vifungu.

Papa alipata dola ya hekta 44, yaani Vatikani, lira milioni 750 taslimu na hatifungani za lira bilioni moja. Ndoa ya kanisani ikatambuliwa kisheria, somo la dini likaingia sekondari. Mussolini naye aliingia kwenye kura ya Machi mwaka huohuo, yenye orodha moja tu ya wagombea, huku mapadri wakiwahimiza waumini wampigie. Kifungu cha 43 kiliilinda Azione Cattolica, jumuiya ya walei. Mwaka 1931 serikali ilizifunga klabu zake za vijana. Ziliporuhusiwa tena, zilikatazwa hata michezo. Udikteta wa namna hii hauvumilii mtu mwingine awalee vijana.

Mkataba wa serikali ya Hitler wa Ujerumani na Papa, wa tarehe 20 Julai 1933, ni somo zaidi. Kifungu cha 16 kilimtaka askofu mpya ale kiapo cha utii kwa dola. Cha 32 kiliwaondoa mapadri kwenye vyama vya siasa. Lakini balaa lenyewe lilikuwa kifungu cha 31: jumuiya za Kikatoliki zitalindwa, ila orodha yake itakubaliwa baadaye. Orodha hiyo haikukamilika kamwe. Kwa hiyo kila jumuiya iliyovunjwa, polisi walikuwa na jibu tayari: hiyo ilikuwa ya kisiasa.

Kwa Waprotestanti mkataba haukuhitajika; kanisa lilitekwa kwa kura. Siku moja kabla ya uchaguzi wa kanisa wa tarehe 23 Julai 1933, Hitler alizungumza redioni kuwapigia debe wafuasi wake, kundi la Deutsche Christen, nao wakashinda kwa kishindo. Septemba, sinodi (mkutano mkuu wa kanisa) ya Prussia, jimbo kubwa la Ujerumani, ikapitisha kwamba mtu mwenye asili ya Kiyahudi asiwe mchungaji. Utaratibu wote ulifuatwa, na hapo ndipo penye ubaya.

Anayeletewa rasimu ya makubaliano na serikali ya aina hiyo atafute kwanza neno "baadaye", kisha aone nani amepewa mamlaka ya kuamua lipi ni dini na lipi ni siasa. Posho na viwanja avisome mwisho.

Kiapo nacho hakikumfunga kila mtu mdomo. Askofu von Galen wa Münster alikula kile cha kifungu cha 16 mwaka 1933. Tarehe 3 Agosti 1941 alisimama mimbarani akaeleza jinsi serikali ilivyokuwa ikiwaua wagonjwa wa akili. Wiki tatu baadaye Hitler aliamuru vituo vya kuwaulia wagonjwa hao kwa gesi visimame, ingawa mauaji yaliendelea hospitalini kwa dawa na njaa.

Msomaji wenu